Goma: Shofere alikata simu ya dada yake mara tatu, kwa sababu redio ya motokari haikujua jina lake

Usiku mmoja wa mwaka 2024, shofere mmoja wa teksi mjini Goma alikata simu ya dada yake mara tatu. Hakuwa na ugomvi naye. Alikuwa akiendesha, na redio ya motokari ilimwonyesha numero tupu, bila jina. Akadhani ni matapeli, wale wanaopiga simu kusema umeshinda pesa, kisha wanakuomba numero ya siri. Kumbe alikuwa dada yake mkubwa, mkimbizi wa ndani katika kambi la Bulengo, akiwa amemshika mkononi mtoto mwenye homa kali na akitafuta motokari ya kumfikisha hospitali.

Kisa hiki ni cha simu na redio ya motokari. Lakini kwa familia nyingi zilizokimbia vita Kivu ya Kaskazini, ni kisa cha namna watu wanavyopoteana.

Shofere huyo alizaliwa Masisi, lakini ameishi Goma miaka mingi, upande wa Ndosho. Mwezi wa pili mwaka 2024, mapigano yalipokaribia Sake, mji mdogo ulio kilometa 25 hivi magharibi ya Goma, watu wengi walishuka na mizigo kichwani. Dada yake alifika na watoto wanne, godoro moja na sufuria mbili. Nyumba ya shofere ina vyumba viwili, na tayari ililaza watu tisa. Dada akajenga kibanda cha shiting Bulengo, karibu na ziwa.

Tangu hapo simu ya shofere ikawa kama posta. Mtu wa kijijini ambaye hakujua ndugu yake yuko kambi gani alimpigia yeye. Mtu wa kambini ambaye alitaka kujua kama shamba lake bado liko alimpigia yeye. Kambini simu moja ilitumiwa na vibanda vitano au sita, leo iko na umeme, kesho haina. Kwa hiyo shofere aliandika majina kwa namna yake: mtu ni nani, yuko kambi gani, na alama ya kumtambua. Katika simu yake kulikuwa na "Mama Bulengo choo", kwa sababu kibanda chake kilikuwa karibu na vyoo. Kulikuwa na "Mama Bulengo kanisa", na "Muzee Lushagala mti". Dada yake alikuwa "Yaya Bulengo", bila kuongeza kitu, kwa sababu yaya ni mmoja.

Motokari yake ni Toyota iliyotumiwa, iliyotoka Japani. Usukani uko kuume, kama motokari nyingi za Goma, ingawa Congo watu hupita kuume pia. Redio yake inaonyesha maandishi ya Kijapani ambayo yeye hayasomi. Lakini ina Bluetooth, na hilo lilimfurahisha: simu ikilia, sauti inatoka ndani ya redio, yeye anajibu bila kuondoa mkono kwenye usukani. Katika barabara ya Sake, yenye motari, chukudu na malori, hilo si jambo dogo.

Taabu ilianza alipobadilisha simu. Ile ya zamani iliingia maji. Akanunua ingine iliyotumiwa, akahamisha kadi ya SIM, akaona majina yote yako. Akasema moyoni: kazi imekwisha. Akaunganisha simu na redio. Hapo simu ikamwuliza jambo kwa herufi ndogo za Kifaransa. Yeye akabonyeza "Refuser", kama anavyofanya kila mara simu inapomwuliza jambo asiloelewa. Tangu siku ile sauti ilipita vizuri, lakini majina hayakuonekana tena kwenye redio. Alivumilia wiki mbili. Alisema, sauti inapita, inatosha.

Usiku ule alikuwa akitoka Mugunga na abiria wanne. Numero ikawaka kwenye redio. Akakata. Alipofika Kyeshero ikawaka tena, akakata. Kabla ya kufika mjini ikawaka mara ya tatu. Abiria mmoja alicheka akasema, "Papa shofere, madeni yako inakufuata." Akakata tena.

Alipowashusha abiria, alitoa simu mfukoni ili aangalie saa. Kwenye kioo cha simu jina lilikuwa limeandikwa wazi: "Yaya Bulengo", mara tatu. Simu ilimjua. Redio peke yake ndiyo haikumjua.

Alipiga, numero haikupatikana. Akageuza motokari, akarudi mpaka Bulengo. Majirani wakamwambia motari mmoja amewabeba mama na mtoto, bila hata kudai pesa kwanza. Akawakuta hospitalini, mtoto amelazwa na serumu mkononi. Ilikuwa malaria. Dada yake alimtazama kwa muda, kisha akasema:

"Niliona unanikata, mudogo wangu. Nikasema, sasa amechoka na sisi."

Shofere hakupata neno la kujibu. Angesema nini? Kwamba redio ilikataa jina lake? Mtoto alipona, siku ya tatu wakarudi kambini. Lakini neno lile halikumtoka shofere. Mtu aliyekimbia nyumba yake huhesabu kila simu isiyojibiwa. Anayeishi kwake akikosa kujibu, watu husema ana kazi. Kwa aliye kambini, simu isiyojibiwa humwambia kwamba amekuwa mzigo.

Siku iliyofuata alikwenda Birere, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu chini ya mwavuli, na meza iliyojaa bisibisi na vioo vilivyopasuka. Shofere alifikiri ataambiwa redio imekufa, anunue ingine. Kijana hakugusa redio. Alianza na swali.

"Papa, majina yako iko wapi?"

"Iko kwa simu."

"Kwa simu, fasi gani?"

Shofere hakujua kwamba simu ina fasi zaidi ya moja. Kijana akafungua repertwari, yaani kitabu cha majina cha simu, akamwonyesha. Jina linaweza kulala ndani ya kadi ya SIM. Linaweza kulala ndani ya simu yenyewe. Linaweza pia kulala katika akaunti, kama ile ya Google, inayowekwa mbali kwa njia ya intaneti. Kioo cha simu huyachanganya yote pamoja, na mwenye simu anadhani yako mahali pamoja.

"Na motokari?" shofere aliuliza.

"Motokari haina majina yake. Inanakili tu kile simu inakubali kuipa."

Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha shida. Majina ya shofere yote yalikuwa kwenye kadi ya SIM. Redio nyingi hunakili majina yaliyo ndani ya simu na kuyaacha yale ya kadi. Tena, hata yangekuwa ndani ya simu, yeye mwenyewe alikuwa amebonyeza "Refuser" siku ya kuunganisha. Simu ilikuwa imemwuliza kama redio iruhusiwe kuona majina, na yeye alisema hapana. Redio ilipewa ruhusa ya sauti tu.

Kijana alifanya kazi hatua kwa hatua, na shofere akamwomba aseme kila jambo kwa sauti ili naye ajifunze.

Kwanza, alinakili majina kutoka SIM kuyaingiza ndani ya simu. Katika simu nyingi za Android zenye lugha ya Kifaransa, mtu huingia "Contacts", halafu "Paramètres", halafu "Importer", na anachagua "Carte SIM". Simu ikiuliza majina yawekwe wapi, anachagua simu yenyewe au akaunti. Kazi hiyo ilichukua dakika mbili.

Hapo wakagundua shida ingine. Kadi ya SIM ina nafasi ndogo. Kadi nyingi hubeba majina 250 hivi, na jina likiwa refu linakatwa. Kadi za zamani huachia herufi 14 hivi tu. Kwa hiyo "Mama Bulengo choo" na "Mama Bulengo kanisa" walikuwa wamekatwa mkia, kila mmoja amebaki na herufi moja mwishoni. Akina Mama Bulengo walikuwa watano. Jioni ile shofere na bibi yake walikaa na simu na kaye, wakapiga numero moja moja, wakauliza, "Mama, wewe ni wa upande gani?" mpaka kila mtu akapata jina lake lote.

Pili, kijana alitazama namna numero zilivyoandikwa. Nyingine zilianza na 0, nyingine na +243. Mtu akipiga, mara nyingi numero inafika ikiwa na +243 mbele. Simu nyingi hutambua kwamba ni ile ile. Redio ya zamani inaweza kushindwa, ikahesabu kama ni watu wawili. Dawa ni kuandika zote kwa namna moja: +243, kisha tarakimu tisa za numero bila ile 0 ya mwanzo. Na kwa ndugu waliovuka mpaka, Rwanda ni +250, Uganda ni +256, Burundi ni +257. Numero iliyoandikwa hivyo inafanya kazi hata mwenye simu akijikuta nchi ingine, na mtu wa Goma hawezi kujua lini atajikuta huko.

Tatu, walifuta uhusiano wa zamani pande zote mbili. Watu wengi wanafuta upande wa simu tu, kisha wanashangaa kwa nini shida inarudi. Ndani ya simu kijana aliingia Bluetooth, akachagua jina la motokari, akabonyeza "Dissocier". Kisha ndani ya redio akatafuta alama ya simu, akafuta simu iliyoandikwa mle. Hakusoma Kijapani, lakini alikuwa ameshakariri alama na mahali pake, kwa sababu motokari za namna ile huja kwake kila wiki.

Nne, alizima simu na redio, akaviwasha upya. Motokari ikiwa imesimama, akaunganisha tena. Redio ikaomba namba ya siri. Kwa redio nyingi ni 0000 au 1234. Simu ikauliza tena lile swali la herufi ndogo. Safari hii kijana alimpa shofere simu mkononi.

"Soma wewe mwenyewe, papa."

Shofere alisoma polepole. Simu iliuliza kama redio ipewe majina pamoja na orodha ya simu zilizopigwa. Akabonyeza "Autoriser".

Tano, wakangoja. Redio haipokei majina kwa dakika moja. Mtu akiwasha injini na kuondoka mara moja, au akizima katikati, anaweza kupata nusu ya majina na kudhani kazi imeharibika. Redio nyingine pia zina kikomo chao, zikijaa zinaacha majina ya mwisho. Ndiyo sababu ni vizuri kwanza kufuta majina yaliyorudiwa, na zile numero zisizopatikana tena.

Wakati wa kufuta nafasi ndani ya redio, jambo moja lilimsimamisha shofere. Katika orodha ya zamani kulikuwa na majina ya Kijapani, mistari mingi, kila moja na numero yake.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Ni watu wa mwenye motokari wa kwanza. Aliuza, hakufuta."

Shofere alitazama majina yale ya watu ambao hatawajua kamwe: pengine mama wa mtu, pengine daktari, pengine mtoto. Kisha akauliza, "Na mimi nikiuza, watu wangu watabakia humu?"

"Watabakia, kama haukufuta."

Kwa mtu wa Japani, labda hilo ni jambo dogo. Kwa wakaaji wa Kivu ni jambo zito. Jina lenye kambi na alama ya kibanda linaonyesha mahali mtu alipojificha. Tangu siku ile shofere haunganishi simu yake na motokari ya mtu mwingine ovyo. Na anawaambia mashofere wenzake: ukiuza motokari, au ukiirudisha kwa mwenyewe, ingia kwenye redio, futa simu yako, futa majina, halafu ndipo utoe ufunguo.

Mwishoni kijana alipiga kwa simu yake mwenyewe, ambayo shofere alikuwa ameiandika dakika ile. Redio ikabaki na numero tupu. Shofere akaanza kukasirika. Kijana akacheka.

"Mimi niliingia nyuma, papa. Redio ilinakili kabla yangu."

Redio nyingine hujipatia majina mapya zenyewe kila simu inapoungana. Ile ya shofere haifanyi hivyo. Ni lazima kuiambia inakili upya kila jina jipya linapoongezwa. Walifanya hivyo, kijana akapiga tena, na jina lake likawaka. Shofere alimlipa franka 5000.

Kabla hajaondoka, kijana alimshauri jambo moja la bure. Katika lile lile fasi la "Contacts" kuna "Exporter". Simu inaandika majina yote ndani ya faili moja linaloishia na herufi vcf. Faili hilo linaweza kuwekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, au kutumwa kwa simu ya ndugu kwa Bluetooth bila kulipa hata mega moja ya intaneti. Shofere aliliweka kwenye kadi ya kumbukumbu. Bibi yake naye aliandika majina yote kwa mkono ndani ya kaye ya shule, kwa sababu alisema kaye haihitaji umeme.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, mapigano yaliingia Goma. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti nayo. Watu wenye silaha waliingia katika kiwanja cha shofere, wakachukua pesa na simu yake. Motokari haikuwaka siku ile, wakaiacha. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa ndani ya ile kaye, na kaye ilikuwa kati ya kaye za watoto. Hakuna aliyeitazama.

Siku zilizofuata, hali ilipotulia kidogo, shofere alirudishiwa numero yake ile ile kwenye kadi mpya ya SIM. Akanunua simu ingine iliyotumiwa. Kadi mpya ilikuwa tupu kabisa, haikuwa na jina hata moja. Kama majina yangekuwa bado kwenye SIM peke yake, watu wake wote wangekuwa wamekwenda na simu ile. Yeye mwenyewe, bila fundi, aliingiza kadi ya kumbukumbu, akabonyeza "Importer", na wale akina Mama Bulengo watano wakarudi, kila mmoja na mkia wake.

Walirudi kwa wakati. Mwezi wa pili mwaka 2025 wakimbizi wa ndani walipewa siku chache tu waondoke katika makambi ya Goma. Vibanda vya Bulengo vilibomolewa. Wengine walipanda Masisi, wengine wakashuka Minova, wengine wakaingia katika familia mjini, wengine wakavuka mpaka. Mama mmoja alipiga kutoka barabarani, akilia, akiuliza kama kuna mtu anajua mume wake alikopita. Redio ikaandika "Mama Bulengo choo". Shofere akajibu, "Mama wa karibu na vyoo, karibu, nakusikia." Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha mama yule akasema, "Kumbe bado unanijua."

Wale wanaoshika simu za watu wengi, mashofere, motari, walimu, wakubwa wa vibanda, wanaweza kufanya kazi hiyo ya fundi leo hii, kabla ya taabu: kuhamisha majina kutoka SIM, kuandika numero na +243, kuweka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu au kwa ndugu, na kushika kaye moja ya karatasi nyumbani. Wenye redio za Bluetooth, wasome lile swali la herufi ndogo kabla ya kulijibu.

Dada ya shofere alirudi Masisi na watoto wote wanne. Jioni aliyoondoka, shofere alikaa ndani ya motokari kwenye kiwanja, akabadilisha jina kwenye simu kutoka "Yaya Bulengo" kuwa "Yaya Masisi", akaiambia redio inakili upya, akangoja mpaka imalize.

Numero zisizo na jina bado zinamfikia, kwa sababu watu waliopoteza simu hupiga kwa simu za kuazima. Hazikati tena. Anatafuta mahali pa kusimama pembeni mwa barabara, anapiga, na neno lake la kwanza ni moja: "Ni nani huyo, tafadhali?"